Shajara ya mradi: kuandika upya kanuni za kutunuku shahada na kupanga madaraja, Mwanza 2023–2024

9 Oktoba 2023: Rufaa iliyoanzisha kazi

Wahitimu wawili waliopanga nyumba moja Mabatini walilinganisha transkripti zao. Mmoja alisoma biashara, mwingine elimu. Wote wana krediti 360, wote wana jumla ya pointi 1,596 (pointi za gredi ya kila kozi zikizidishwa kwa krediti zake). Mmoja katunukiwa daraja la kwanza, mwenzake daraja la pili la juu. Rufaa ilipoletwa, ofisi ya mitihani ilikagua faili zote mbili na haikukuta alama hata moja iliyokosewa. Vitivo viwili vilikuwa vinafuata kifungu kilekile, kila kimoja kwa namna yake.

Kitivo cha kwanza kilijumlisha pointi za miaka mitatu na kuzigawa kwa krediti zote. 1,596 kwa 360 ni 4.43, ikikatwa kwa nafasi moja ya desimali inabaki 4.4. Kitivo cha pili kilichukua GPA, yaani wastani wa pointi kwa krediti, ya kila mwaka ikiwa tayari imekatwa. Mwaka wa kwanza, pointi 534 kwa krediti 120 ni 4.45, ikaandikwa 4.4. Mwaka wa pili, 524 ni 4.36, ikaandikwa 4.3. Mwaka wa tatu, 538 ni 4.48, ikaandikwa 4.4. Wastani wa hizo tatu ni 4.36, ukakatwa tena ukawa 4.3. Na daraja la kwanza linaanzia 4.4.

Kifungu chenyewe kinasema GPA ya mwisho "itatokana na matokeo ya miaka yote na itatajwa kwa nafasi moja ya desimali." Hakuna kitivo kilichokivunja. Ndiyo maana Seneti ya chuo imeunda kamati ndogo ya kupitia kanuni zote za shahada ya kwanza: nani anastahili kutunukiwa, GPA inakokotolewaje, daraja linatajwaje kwenye cheti. Mimi ni katibu wa kamati, na naandika haya kwa ajili ya wenzetu wa vyuo vingine, hasa vile vidogo vya Kanda ya Ziwa vyenye kanuni zilizorithiwa kipande kwa kipande.

Lengo tulilokubaliana siku ya kwanza ni moja. Mwanafunzi mwenye kalamu, kikokotoo na matokeo yake asome kanuni, akokotoe, apate jibu lilelile la ofisi. Akipata jibu jingine, tutachukulia kwamba kanuni ndiyo mbovu, hata kama ofisi ina uzoefu wa miaka ishirini.

6 Novemba 2023: Yasiyoguswa, na matayarisho

Mambo mengine hatuna mamlaka nayo, au kuyagusa kungetutenga na vyuo vingine nchini. Gredi zinabaki: A ni 70 hadi 100, pointi 5, B+ ni 60 hadi 69, pointi 4, B ni 50 hadi 59, pointi 3, C ni 40 hadi 49, pointi 2, D ni 35 hadi 39, pointi 1, chini ya hapo ni E, sifuri. Madaraja nayo yanabaki kama yalivyo kwenye mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU): la kwanza 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na ufaulu wa kawaida 2.0 hadi 2.6. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka ni krediti 120.

Tumechota matokeo ya wahitimu wa zamani kwa ajili ya majaribio. Majina na namba za usajili zimefutwa kabla faili hazijatoka ofisi ya mitihani, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekwishaanza kutumika na hatutaki mradi wa kutenda haki uanze kwa kuanika matokeo ya watu. Kazi hii ilichukua muda kuliko tulivyopanga: jina la mtu linajificha kwenye jina la faili, kwenye maoni ya pembeni, hata kwenye kichwa cha ukurasa kinachojichapa chenyewe.

Gharama hadi leo: rimu mbili za karatasi, shilingi 26,000, na nakala kwenye steshenari ya Barabara ya Makongoro, shilingi 48,000. Vikao havina posho, ni chai tu.

4 Desemba 2023: Jaribio la watu wawili

Hii ndiyo hatua ambayo ningemwomba kila atakayenakili mradi huu asiiruke.

Tuliwachukua watu wawili. Wa kwanza ni karani wa ofisi ya mitihani, mama anayezijua kanuni kuliko maprofesa. Wa pili ni mhasibu wa ofisi ya fedha, mtu makini wa namba ambaye hajawahi kugusa matokeo ya mwanafunzi. Kila mmoja alipewa kanuni zilizopo, bunda lilelile la matokeo, kikokotoo na chumba chake. Hakuna kuulizana, hakuna kumpigia simu mtu. Umeme ulikatika kabla ya saa sita lakini haikudhuru, maana kompyuta tulizizuia kwa makusudi.

Majibu yao yalitofautiana sehemu nyingi kuliko yeyote kati yetu alivyotarajia. Karatasi za mhasibu zilijaa maswali ya penseli pembeni: "Nakadiria kabla au baada ya kujumlisha?" "Hii D imefidiwa, niiandikie 1 au 2?" "Kozi hizi ni kumi na tatu, ipi naiacha?" Karatasi za karani hazikuwa na swali hata moja. Alikuwa anajua desturi ya kila idara, na kila alipofika penye utata alifuata desturi ya idara husika bila kusita. Majibu yake yalilingana na yaliyotolewa miaka yote, na hapo ndipo tulipoiona hatari. Akistaafu, nusu ya kanuni za chuo zitaondoka naye.

Tumekusanya sehemu zote walizopishana. Hizo ndizo ajenda za miezi inayokuja.

29 Januari 2024: Alama kabla haijawa gredi

Alama za darasani ni 40, mtihani wa mwisho ni 60. Idara nyingine zinakadiria kila upande kuwa namba nzima kisha zinajumlisha. Nyingine zinajumlisha kwanza, halafu zinakadiria.

Rasimu ya kwanza ilichagua njia ya kwanza kwa sababu ni nyepesi na mwalimu anaona namba nzima tangu mwanzo. Ilianguka pale tulipoweka wanafunzi wawili sambamba ubaoni. Wa kwanza ana 27.5 za darasani na 41.5 za mtihani, jumla 69.0. Ukikadiria kila upande anapata 28 na 42, yaani 70, gredi A. Wa pili ana 27.4 na 42.4, jumla 69.8. Ukikadiria kila upande anapata 27 na 42, yaani 69, gredi B+. Aliyepata zaidi kashuka, aliyepata pungufu kapanda.

Kifungu kipya: kila upande unaandikwa kwa nafasi moja ya desimali, unajumlishwa, kisha jumla inakadiriwa mara moja tu, nusu ikienda juu. 69.5 ni 70. 69.4 ni 69. Walimu kadhaa walilalamika kwamba mtihani wa insha huwezi kuusahihisha kwa desimali, na ni kweli. Wao wataandika 42.0 na maisha yataendelea.

Kilichotugharimu ni programu ya matokeo. Ilikuwa inahifadhi namba iliyokwishakadiriwa na kuitupa ile halisi, hivyo hata tukibadili kanuni mashine isingekuwa na cha kukokotoa. Kijana aliyeitengeneza alilipwa shilingi 350,000 kuongeza safu mbili na kuzijaribu. Kabla hujaandika kifungu chochote cha kukadiria, kagua kwanza programu yako inahifadhi nini.

26 Februari 2024: Tatizo la 69, na njia mbili zilizofeli

Jambo hili limetukalisha muda mrefu kuliko yote, na sina furaha na tulipoishia.

Chukua mwanafunzi aliyepata 69 katika kila kozi, miaka yote mitatu. Zote ni B+, GPA yake 4.0, daraja la pili la juu. Chukua mwingine aliyepata 70 katika nusu ya kozi na 60 katika nusu nyingine, krediti zikiwa sawa. Wastani wake ni 65, lakini GPA yake ni 4.5, na anatunukiwa daraja la kwanza. Amezidiwa alama nne kwa wastani, na cheti kinasema yeye ndiye bora.

Majirani wanaotuzunguka kwenye ziwa hili wana njia zao. Vyuo vya Kenya kwa kawaida vinapanga madaraja kwa wastani wa asilimia: 70 na kuendelea ni la kwanza, 60 hadi 69 la pili la juu. Kwa mpango huo wanafunzi wetu wawili wangeangukia daraja moja, na mwenye 69 angeonekana yuko juu ya mwenzake. Makerere wanatumia pointi kama sisi, ila wanasoma GPA kwa nafasi mbili za desimali, na mipaka yao ya kati iko juu kidogo: la pili la juu linaanzia 3.60. Ukiwa Mwanza unajua kwamba watu hawa wanaomba kazi zilezile na masomo yaleyale ya uzamili, kwa hiyo tofauti hizi tunaishi nazo.

Njia ya kwanza tuliyojaribu ni kutoa pointi kwa kila alama badala ya kwa gredi. 60 iwe 4.0, 61 iwe 4.1, 69 iwe 4.9, 70 iwe 5.0, na vivyo hivyo kwenda chini hadi 40 iwe 2.0. Ni safi, inaeleweka, na inaondoa shimo la 69. Tulipoipitisha kwenye matokeo ya zamani, madaraja yalivimba. Sababu ni hesabu tupu: chini ya mpango huo 4.4 ni sawa na alama 64 kila kozi. Daraja la kwanza lingepatikana bila A hata moja. Dawa yake ingekuwa kupandisha mipaka ya madaraja, na mipaka si yetu.

Njia ya pili ilikuwa kuteremsha ngazi nzima nusu hatua, ili 65, katikati ya B+, ndiyo iwe 4.0. Madaraja ya juu yalitulia. Chini kukabomoka: 40 ikawa 1.5. Mwanafunzi aliyefaulu kila kozi kwa alama ya ufaulu, ambaye leo ana 2.0 na anatunukiwa shahada yake, angebaki mikono mitupu.

Tumeziacha zote mbili. Gredi na pointi zitabaki za ngazi, na tumechukua hatua ndogo ya ulinzi: kila karatasi yenye jumla inayoishia pungufu ya alama moja kufika mpaka wa gredi (39, 49, 59, 69) inasomwa tena na mtahini wa pili kabla ya bodi ya mitihani kukaa, bila kuona alama ya kwanza. Pia wastani wa asilimia utachapwa kwenye transkripti kando ya GPA, ili yule wa 69 awe na kitu cha kumwonyesha mwajiri. Haiondoi dhuluma. Inaifanya ionekane, na anayesoma kwa makini atajua.

18 Machi 2024: Kukata au kukadiria

Mipaka ya madaraja imeandikwa kwa desimali moja, 4.3 inaishia hapa, 4.4 inaanzia pale. Wa 4.39 anakwenda wapi? Kanuni za zamani zilinyamaza, na desturi ikawa kukata.

Binafsi nilitetea kukadiria. Mtu mwenye pointi 1,582 kati ya 1,584 zinazohitajika kwa daraja la kwanza ana 4.394, na naona ugumu kumwambia amezidiwa. Mtahini wa nje, aliyevuka na kivuko cha Kigongo–Busisi asubuhi hiyo baada ya foleni ndefu, alinijibu kwa utulivu: "Katibu, ukikadiria, mpaka haufutiki. Unauhamishia 4.35, na utakuwa na mwingine mwenye 4.349 analia mlangoni kwako. Isitoshe vyuo vingi nchini vinakata. Daraja lenu la kwanza litaitwa la bei rahisi." Hoja ya kwanza inanishinda. Kamati ilikubaliana naye.

Tunakata basi, lakini mara moja tu, mwishoni kabisa. GPA ya muhula na ya mwaka zitaonyeshwa kwa taarifa na haziingii katika hesabu ya mwisho kwa namna yoyote. Na transkripti itachapa jumla ya pointi na jumla ya krediti, mfano 1,596 juu ya 360, ili kila mtu ajigawie mwenyewe.

Kisha likazuka jambo ambalo nusura litupite. Tulipoipa programu kanuni mpya, mhitimu mmoja wa majaribio mwenye pointi 1,368 kwa krediti 360 alitoka na 3.7. Gawanya kwa mkono: ni 3.8 kamili, haina mabaki. Tulirudia, ikatoa 3.7 tena. Kompyuta haiwezi kuhifadhi 3.8 kwa ukamilifu. Inashika namba iliyo chini yake kwa chembe ndogo mno. Programu ilikuwa inatoa 3, inazidisha kilichobaki kwa 10, inapata 7.999 na kuendelea, halafu inakata. Nane ikawa saba. Na 3.8 ndicho kiwango ambacho matangazo ya kazi ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vya umma hukitaka kwa shahada ya kwanza. Mtu angekataliwa kazi kwa sababu ya chembe ambayo haipo.

Dawa ni kuepuka desimali hadi mwisho. Zidisha jumla ya pointi kwa 10, gawanya kwa krediti kwa mgawanyo wa namba nzima, tupa mabaki: 13,680 kwa 360 ni 38, yaani 3.8. Kijana wa programu alibadilisha mstari mmoja, hakudai malipo. Kama chuo chako kinakata GPA kwa mashine, ijaribu leo kwa 1,368 juu ya 360.

22 Aprili 2024: Kikao na wanafunzi

Ukumbi ulijaa. Rais wa serikali ya wanafunzi alianza na sapu, mtihani wa marudio wa aliyefeli kozi: kwa nini anayerudia mtihani na kupata 75 aandikiwe C? Walitaka dari liondolewe. Tumelibakiza, na nililieleza mwenyewe mbele yao. Aliyepata 45 mara ya kwanza anakaa na C yake maisha yote, haruhusiwi kujaribu tena. Haiwezekani aliyepata 38 ndiye apewe nafasi ya pili ya kutafuta A.

Swali lililotunyamazisha lilitoka viti vya nyuma, kwa binti wa mwaka wa pili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti."

"Mwalimu, mimi sikufeli. Niliugua taifodi, nimelazwa siku ya mtihani, vyeti vya hospitali nilivileta. Nikafanya mtihani maalumu Septemba, chumba kimoja na wenzangu wa sapu. Nimepata 72. Matokeo yanasema C. Kosa langu ni lipi?"

Hakuna kosa lake. Kifungu cha zamani kiliweka dari la C kwa "mitihani yote itakayofanyika katika kipindi cha Septemba", na aliyekiandika hakumfikiria mgonjwa. Idara nyingine zilikuwa zinarekebisha kwa busara, nyingine hazikuwa. Sasa dari linafungwa kwenye sababu ya mtihani, tarehe haihusiki: mtihani maalumu kwa idhini ya chuo ni mara ya kwanza, na gredi inaandikwa kama ilivyopatikana. Ofisi ya mitihani imeagizwa kutafuta wote walioandikiwa C kwa njia hii na ambao bado wako chuoni. Kazi hiyo ilianza kesho yake, haikusubiri Seneti.

Mengine ya siku hiyo kwa kifupi. Kozi za ziada: mwanafunzi atatamka mwanzoni mwa muhula ipi inahesabika katika GPA na ipi ni ya kujifunza tu, hakuna kusubiri matokeo ndipo uchague. Kufidia: D moja kwa mwaka, ambayo si ufaulu, inaweza kubebwa na ufaulu mzuri kwingine, lakini inabaki D na pointi 1, haigeuki C kimyakimya. Uhasibu, uuguzi na programu nyingine zenye bodi za kitaaluma hazitakuwa na fidia kabisa.

27 Mei 2024: Mwaka wa tatu upewe uzito?

Baadhi ya wajumbe walitaka mwaka wa pili uhesabiwe mara mbili na wa tatu mara tatu, kwa hoja nzuri kwamba wengi wanatoka shule za kata, mwaka wa kwanza wanauanza wakihangaika na Kiingereza cha mihadhara, wanakuja kusimama baadaye. Uingereza vyuo vingi haviuhesabu mwaka wa kwanza kabisa katika daraja, na huko ndiko utaratibu huu wa madaraja ulikotujia: chuo cha kwanza Dar es Salaam kilianza 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London.

Tulijaribu kwenye matokeo ya zamani. Walionufaika zaidi hawakuwa wale wa shule za kata. Walikuwa wa programu ambazo mwaka wa mwisho una mafunzo kwa vitendo yenye krediti nyingi, na alama za huko hutolewa kwa ukarimu na ofisi zinazowapokea. Pendekezo limeondolewa. Hoja yake naiheshimu bado, lakini mahali pa kuitatua ni kozi ya lugha ya muhula wa kwanza, si kwenye kanuni ya madaraja.

24 Juni 2024: Seneti yarudisha rasimu

Walikubali karibu yote, wakarudisha kwa swali moja: kanuni mpya zinamhusu nani? Rasimu ilisema "zitaanza kutumika Oktoba 2024". Mjumbe mmoja wa sheria aliuliza kuhusu aliyejiunga 2022 akiamini fidia inampa C. Hatukuwa na jibu.

Tulijaribu kuandika kwamba kila mwanafunzi atafuata zinazomfaa zaidi. Inapendeza masikioni, lakini kwenye jaribio la watu wawili karani na mhasibu walipishana upya, kwa sababu mtu anaweza kunufaika na kifungu hiki na kuumizwa na kile, na rasimu haikusema kama anachagua kifungu kimojakimoja au kitabu kizima.

Tulipofika: vifungu vya sera (fidia, kozi za ziada) vinawahusu wanaojiunga kuanzia 2024/25. Vifungu vya hesabu (kujumlisha kwanza, kukata mara moja, mtihani maalumu) vinawahusu wote, pamoja na waliohitimu walioleta rufaa kwa wakati, kwa sharti kwamba matokeo yaliyokwishapitishwa na Seneti hayashushwi. Kwa msingi huo mhitimu wa Mabatini aliyekuwa na 4.3 amerudisha cheti na kuandaliwa kingine cha daraja la kwanza. Kitivo chake kinapitia faili za miaka ya nyuma kutafuta wengine wa aina yake.

Kifungu kimeongezwa hapohapo cha mwanafunzi anayefariki, au kuugua kiasi cha kutorudi, akiwa amekamilisha sehemu kubwa ya mwaka wa mwisho. Atatunukiwa shahada isiyo na daraja. Shahada isiyo na daraja si kitu kigeni, Udaktari wa Binadamu nchini hutunukiwa hivyo. Kikao kilikuwa kimya tulipokuwa tunakiandika, kila mmoja alikuwa na mwanafunzi anayemkumbuka.

16 Septemba 2024: Zimepitishwa

Seneti imepitisha. Kifungu cha GPA sasa kinasomeka hivi:

"Pointi za kila kozi inayohesabika zitazidishwa kwa krediti zake. Mazao yote ya miaka yote yatajumlishwa na kugawanywa kwa jumla ya krediti za kozi hizo. Jibu litakatwa kwa nafasi moja ya desimali bila kukadiriwa. Hakuna namba nyingine itakayokatwa wala kukadiriwa kabla ya hatua hii, isipokuwa jumla ya alama za kozi kama ilivyoelezwa katika kifungu cha alama."

Ni kirefu kuliko cha zamani. Karani na mhasibu walikaa tena vyumba viwili na bunda jipya la matokeo, na safari hii hawakupishana popote. Mhasibu aliandika swali moja tu pembeni, kuhusu mwanafunzi aliyehamia kutoka chuo kingine.

Gharama nzima: karatasi na nakala shilingi 212,000, programu 350,000, nauli na malazi ya mtahini wa nje 280,000, kuchapa upya vyeti vilivyorekebishwa 90,000. Jumla shilingi 932,000, ukiacha muda wa watu. Kijitabu cha kanuni kiko maktaba na kila ofisi ya kitivo, pamoja na karatasi ya Excel ambayo mwanafunzi anaingiza gredi na krediti na kuona hesabu hatua kwa hatua.

Swali la mhasibu ndilo linalofuata. Krediti za kuhamia hazimo katika kanuni hizi: mtu anayetoka chuo cha Kenya na asilimia, au cha Uganda na GPA ya desimali mbili, tunampokea kwa pointi zipi, au tunampokea kwa krediti tu na kuanza GPA yake upya hapa? Wajumbe wameelekea upande wa pili. Rasimu ya kwanza nitaipeleka kwa karani na mhasibu kabla haijafika kwa kamati.